Utepe Juu ya Mpini

Baruti aliingia karakana bila kubisha hodi, akaitupa draiva yake ya gofu juu ya meza ya kazi. Iliteleza ikasukuma kopo la gundi mpaka ukingoni.

"Imekufa," alisema. "Izike."

Fundi alilidaka kopo kabla halijaanguka. Kisha aliichukua ile fimbo, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya uso wake taratibu. Ndivyo alivyokuwa. Hata nyumba ingekuwa inawaka, angeuliza kwanza moto umeanzia chumba gani. Hakuona ufa. Alikisogeza kichwa cha fimbo karibu na sikio, akakigonga kwa ukucha. Kililia vizuri.

"Haijafa, kaka."

"Basi imezimia. Mpira unatoka hapa, unafika pale, unakaa chini kama mtu aliyechoka safari. Mpira wangu mimi!"

Kwenye benchi la mlangoni Bwana Posta alicheka mpaka miwani ikashuka puani. Kabla ya kustaafu alikuwa mkuu wa posta. Siku hizi alicheza gofu asubuhi, na mchana alikuja kukaa karakana kutafuta wa kumtania.

"Mpira umemfuata mwenyewe," alisema. "Mwambie mdogo wako akufungie mpini wa kibibi. Laini, kama maneno ya mkwe anayekuja kukopa."

"Siku nikishika mpini laini," Baruti alijibu, "nizikeni nao."

Fundi aliinama chini ya meza kutafuta kitambaa ambacho hakukihitaji.

Draiva ndiyo fimbo ndefu kuliko zote katika mfuko wa mchezaji wa gofu, ile ya kuanzia, ya kuupeleka mpira mbali. Mpini wake, ule ufito mrefu kati ya mshiko na kichwa, huwa mgumu au laini. Mgumu humfaa mwenye kasi na nguvu. Laini humsaidia asiye nazo, kwa kuwa hujipinda, ukijinyoosha unamrudishia kidogo cha kile alichopungukiwa. Ndani ya mpini hakuna aibu. Aibu huletwa na wachezaji, na wazoefu ndio huleta nyingi zaidi. Anayeanza atapokea chochote utakachompa, lakini aliyecheza nusu ya maisha yake atasoma kwanza ile alama ndogo ya ugumu iliyobandikwa kwenye mpini, kama mtu anayesoma cheo chake mlangoni.

Kwa sababu hiyo Fundi alikuwa na utaratibu wake, na hakufundishwa na mtu. Mzoefu akija kuchagua draiva, Fundi alifunga utepe mweusi juu ya alama ya mpini, akampa fimbo kadhaa azipige bila kujua ipi ni ipi. "Jicho lina kiburi," alikuwa akisema kwa sauti yake ya chini, "mkono hauna." Utepe aliubandua mchezaji mwenyewe, na aliubandua akishachagua, si kabla. Watu wazima walinuna. Meneja mmoja wa benki aliondoka bila kuaga, akarudi baada ya wiki kuichukua ile ile.

Mtu mmoja tu hakuwahi kupitishwa kwenye utepe, naye alikuwa Baruti.

Jina hilo alipewa na wabeba mifuko, kwa sababu ya mlio. Alipoupiga mpira, waliokuwa shimo la mbali waligeuka. Baba yao alifariki Fundi akiwa hajaanza kuota meno ya pili, na Baruti, naye bado kijana, ndiye aliyemlea. Alimbebesha mfuko wa kwanza, akamfundisha kukata mshiko wa raba bila kujikata kidole. Baadaye alikuwa bingwa, kisha mwalimu wa mchezo kwenye uwanja huo huo. Watu walilipia somo, lakini wengi walikuja kumwona akipiga. Alikuwa akisema, "Tazameni kwanza, maneno baadaye," halafu anaufumua mpira, na maneno hayakuhitajika tena.

Msimu mmoja, kwenye mashindano ya wakongwe, mpira wa Baruti ulianguka nyuma ya mpira wa Bwana Posta. Watu walicheka, na Baruti mwenyewe alicheka zaidi ya wote. Lakini baadaye, alipokuwa akipita nyuma ya ghala la mashine za kukatia nyasi, Fundi alimkuta kaka yake yuko peke yake, anapiga hewa, tena na tena, kama mtu anayepapasa gizani kutafuta kitu alichokiangusha. Fundi alirudi kinyumenyume asionekane. Alidhani ni umri. Uzee haubishi hodi, alijiambia, na kila mtu atafikiwa.

Siku chache baadaye Baruti alileta draiva yake ibadilishwe mshiko, kama alivyofanya kila msimu. Fundi alibadilisha mshiko. Kisha alipasha moto shingo ya fimbo, akauchomoa mpini mgumu, akaingiza mwingine wa rangi ile ile, ulio laini kidogo. Juu yake alibandika alama ya mpini mgumu na kuipaka vanishi. Mpini wa kweli aliuficha nyuma ya kabati. Hakuweza kuutupa.

Baruti alipiga, mpira ukaruka. "Mshiko tu huo!" alipiga kelele. "Nilikuwa nateleza!" Alimkumbatia mdogo wake mbele ya watu, naye Fundi alihisi joto kifuani, la mtu aliyelipa deni la ulezi kwa siku moja. Msimu uliofuata akafanya hivyo tena, mpini laini zaidi. Na uliofuata, tena.

Sasa draiva ile ilikuwa juu ya meza, na Baruti alikuwa amesimama, mikono mifukoni.

"Nataka mpya. Mashindano ya wakongwe yamekaribia, na safari hii huyu mpeleka barua hanipiti. Na nataka unifungie utepe kama unavyowafungia wengine."

"Wewe huhitaji utepe," Fundi alisema.

"Kwa nini? Mimi malaika? Funga, Posta aone kwa macho yake mkono wangu unachagua nini."

"Nitakuwa shahidi," alisema Bwana Posta, akainuka akijipangusa magoti. "Shahidi wa bure, ananunuliwa chai tu."

Fundi aliandaa fimbo polepole. Alichukua yenye mpini mgumu, mbili za katikati, na akasimama mbele ya kabati. Kwenye kona kulikuwa na draiva aliyomtengenezea mwalimu mkuu mstaafu, mama mwembamba aliyekuwa akicheza na kofia ya harusini. Mama yule alifariki kabla hajaja kuichukua. Ilikuwa laini kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwa Fundi. Aliitazama kwa muda, kisha akaifunga utepe na kuiweka pamoja na nyingine. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini aliiweka. Pengine alitaka kujua kaka yake amefikia wapi.

Uwanja wa mazoezi ulianzia nje ya mlango wa karakana. Baruti aliipiga ya kwanza, ile ngumu. Mpira ulikwenda chini chini, ukakata kulia, ukaingia kwenye vichaka.

"Hii ni nondo," alisema. "Nani anacheza na nondo?"

Ya pili na ya tatu alizirudisha bila neno. Kabla ya kushika ya nne alivua glavu ili afute jasho, na hapo Fundi akauona mkono wa kushoto. Kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali ambapo mtu akikunja ngumi nyama huvimba, hapakuwa na nyama. Palikuwa na shimo, ngozi imelala juu ya mfupa kama hema lililoondolewa mti wa kati. Ukubwa wa bega ulikuwa ule ule, shingo ni ile ile, umri ni wa mtu ambaye bado ana miaka mingi ya kupiga. Mkono mmoja tu ndio ulikuwa umezeeka.

Fundi alijua mikono ya wazee. Alikuwa ameifungia mipini maisha yake yote. Huu haukuwa uzee.

Baruti alishika ya nne, akapiga. Haikulia kama baruti, lakini mpira ulipanda, ukanyooka, ukaenda.

"Haa!" Alipiga mwingine, na mwingine. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Hii! Mnaiona? Mkono umesema! Posta, sema kitu basi."

"Nimekosa stempu," alisema Bwana Posta.

"Sasa nibandue." Baruti alishika ncha ya utepe kwa kucha za mkono wa kushoto. Vidole viliteleza. Akajaribu tena, vikateleza tena. Alicheka na kubadilisha mkono, lakini Fundi alikuwa ameshaichukua fimbo.

"Gundi ya kichwa haijakauka vizuri," alisema. "Niache niimalize kwanza."

"We! Sheria ni mwenyewe abandue!" Bwana Posta alilalamika. "Mimi shahidi nimesimama juani bure?"

"Ni mpini upi?" Baruti aliuliza.

Fundi alitazama nyasi. "Ni kama ule ule wako," alisema.

Na kwa hilo hakusema uongo, ndiyo maana lilimkaa kooni.

Shemeji alikuja mchana ule ule, Baruti akiwa ameshaondoka. Mke wa Baruti alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache, mwenye tabia ya kutazama pindo la nguo yako kabla ya uso wako. Alikataa kiti. Kutoka kwenye mfuko wake alitoa shati la kaka mtu na kulitandika juu ya meza, kati ya misumeno na makopo.

"Unaona nini, shemeji?"

"Zipu."

"Nimeng'oa vifungo mashati yake yote, nikaweka zipu. Anawaambia watu ni mtindo. Hawezi kufunga kifungo. Kikombe anakibeba kwa mikono miwili kama mtoto. Asubuhi anajikwaa kwenye kizingiti alichokijenga mwenyewe." Alilikunja shati upya, mkono juu ya mkono. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Nikimwambia hospitali, ana jibu moja. Ananiambia, mgonjwa gani anapiga mpini mgumu? Watu wazima wenzangu wote wameshuka, mimi bado niko palepale. Kamuulize Fundi. Kila mara, kamuulize Fundi. Haya, nimekuja kukuuliza."

Nje mtu alikuwa akipiga mipira, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Fundi alisikiliza mitatu au minne.

"Nitampeleka hospitali," alisema. "Nitampeleka mwenyewe."

"Sijakuuliza nani atampeleka."

Shemeji alimtazama kwa muda mrefu, kwanza pindo, kisha uso. Halafu alichukua mfuko wake akaondoka.

Fundi alimpata Baruti kwa hila. Alimwambia kiwiko chake kimeteguliwa na fimbo mbovu, kwamba hospitali wana dawa nzuri ya viungo, wachezaji wote wakubwa wanaitumia, na kwamba draiva mpya hampi mpaka atibiwe. Baruti alikubali kwa ajili ya draiva. Njiani aliongea mfululizo kuhusu mashindano, namna atakavyoufungua mchezo, uso atakaoufanya Posta. Fundi alimjibu "ndiyo, kaka," na "kweli, kaka."

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, kitanda chembamba kimefunikwa karatasi, feni inazunguka bila kupoza kitu. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho yaliyokosa usingizi. Alimkandamiza Baruti kiwiko, akamwambia avute kidole chake, akatazama kiganja.

"Ulianza lini kuona nguvu zinapungua?"

"Hazijapungua. Ni mwezi uliopita tu, fimbo mbovu. Imenitegua."

"Mwezi uliopita. Kabla ya hapo hukuwa na tatizo lolote?"

"Binti yangu, mimi ni mwalimu wa gofu. Napiga mpini mgumu, ule ambao unawashinda vijana. Kama nguvu zingepungua ningekuwa wa kwanza kujua. Huyu hapa ndiye anayenitengenezea fimbo." Alimwelekezea kidole gumba. "Muulize."

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Nje foleni ilifika mpaka ngazini. "Kama ni mkazo wa mwezi mmoja," alisema, "nitakupa dawa za maumivu, upumzishe mkono. Ukiona haupati nafuu baada ya miezi miwili, urudi." Kisha, bila kuinua kichwa, kwa kukamilisha tu, alimuuliza Fundi: "Ni hivyo?"

Neno lilikuwa moja tu. Ndiyo, na wangeondoka. Baruti angepata draiva yake na utepe wake, na miezi miwili, na mingine miwili. Fundi alitazama mkono wa kaka yake, uliolala juu ya paja, lile shimo limegeukia juu.

"Si hivyo," alisema.

Kalamu ilisimama.

"Nini si hivyo?" Baruti aliuliza.

"Mpini si mgumu, kaka."

"Upi?"

"Wako. Si mgumu tangu msimu ule mpira wako ulipoanguka nyuma ya wa Posta. Niliubadilisha. Nikaubandika alama ya zamani. Halafu nikaubadilisha tena, na tena. Kila ulipopungukiwa, nilikuwa nakupunguzia." Alimgeukia daktari, kwa kuwa ilikuwa rahisi kumtazama daktari. "Hizi nguvu hazijaondoka mwezi uliopita. Ni msimu wa tatu huu zinaondoka. Nimezipima mwenyewe, ila sikujua ninachopima."

Feni ilizunguka. Baruti alitoa kicheko kifupi, akasubiri mtu wa kucheka naye.

"Anatania," alimwambia daktari. "Huyu ni mtulivu hivi, lakini ana utani wa chini chini."

Daktari aliitupa karatasi ya dawa kwenye kapu, akainuka, akamwambia Baruti apande kitandani. Alimgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu uliruka kama uliochomwa, ukatetemeka peke yake. Alimwambia atembee mstari mnyoofu, kisigino mbele ya kidole. Baruti, aliyewahi kusimama kwenye upepo bila kuyumba, alishika ukuta.

Walipotoka kwenda kupigwa picha ya shingo, Baruti alisema neno moja tu ukumbini, kwa sauti ya kawaida kabisa, macho mbele.

"Kikulacho ki nguoni mwako."

Mfupa wa shingo ulikuwa umeota ndani na kuubana mshipa mkuu wa fahamu. Daktari wa upasuaji aliwaonyesha kwenye picha, mahali ambapo mstari mweupe ulikuwa unabanwa mpaka unakaribia kukatika. Alikuwa na subira. Alieleza mara mbili. Upasuaji ungezuia hali isiendelee, bila upasuaji angeishia kwenye kiti cha magurudumu. Lakini nguvu iliyokwisha kuondoka mkononi, sehemu kubwa isingerudi.

Shemeji alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili. Baruti aliuliza, "Ningekuja mapema?"

"Mapema lini?"

"Msimu wa kwanza. Pale ilipoanza."

Daktari alizima taa ya nyuma ya picha. "Mkono ungekuwa na nafasi nzuri," alisema. "Siwezi kusema zaidi ya hapo."

Baruti hakumtazama Fundi. Shemeji alimtazama, na ingekuwa afadhali asingemtazama.

Upasuaji ulifanyika, na shingo ikapona. Fundi alikwenda nyumbani kwao kila wiki, na kila wiki shemeji alimpokea mlangoni, akachukua alichobeba, akasema, "Amelala." Siku moja redio ilikuwa ikisikika ndani, na mtu akikohoa na kubadilisha stesheni. "Amelala," alisema shemeji, na Fundi akasema, "Haya, msalimie akiamka."

Mashindano ya wakongwe yalipita. Bwana Posta alishinda, akaja karakana na kikombe cha shaba, akakiweka benchi kando yake, akakaa bila utani kwa mara ya kwanza.

"Kilikuwa chepesi mno," alisema mwishowe. "Hakuna hata aliyenitukana."

"Hongera," alisema Fundi.

"Mwalimu mpya wameshampata. Kijana. Anaongea sana kabla ya kupiga." Akakizungusha kikombe. "Nilikuwa namtania kuhusu ule mpini, Fundi. Kila siku. Ungeniambia hata mimi."

"Ungenyamaza?"

Bwana Posta alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," alisema.

Tangu wakati huo Fundi aliendelea kufunga utepe, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomlisha, lakini mikono ya watu aliitazama kwa namna nyingine. Meneja wa benki alimuuliza kwa hasira kwa nini anamshika kiganja kama mpiga ramli. Fundi aliomba radhi, akakiachia, lakini kwanza alikitazama.

Baruti alikuja mchana wa siku ya mvua, uwanja ukiwa mtupu. Safari hii alibisha hodi. Alikuwa amekonda, shingoni ana kovu jembamba, shati lake lina zipu. Alitembea akiburuza kidogo mguu mmoja. Fundi alisimama, akavuta kiti. Baruti hakukikalia.

"Nionyeshe," alisema.

Hakuhitaji kusema nini. Fundi alikwenda nyuma ya kabati, akaitoa mipini iliyokuwa imesimama pale gizani. Akachukua na ile draiva iliyotupwa mezani siku ile, akapasha moto shingo yake, akauchomoa mpini wa mwisho. Aliilaza yote juu ya meza kwa kufuata misimu, wa kweli mwanzoni. Yote ilikuwa na rangi moja. Yote ilikuwa na alama moja.

Baruti aliupitia kila mmoja kwa mkono wa kulia, akiupinda kidogo, akiuachia. Wa kwanza haukukubali kupinda. Wa pili ulikubali. Alipofika wa mwisho ulijikunja kama fimbo ya mti mbichi, na alikaa nao mkononi muda mrefu.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa," alisema. "Na nilikuwa nawacheka wengine."

"Kaka, nilidhani ni—"

"Najua ulichodhani." Sauti haikupanda. "Ungeniambia nimezeeka, ningekupiga. Halafu ningenuna mwezi mzima. Halafu mama watoto angenivuta hospitali kwa sikio, maana nisingekuwa na jibu la kumpa. Jibu nilipewa na wewe."

Mvua iligonga bati. Baruti aliuweka mpini wa mwisho juu ya goti lake, akaushika ncha mbili, akauvuta. Mkono wa kushoto haukufunga. Vidole vilisimama juu ya mpini kama vimekuja kuutembelea tu. Aliuvuta tena, ukamtoka, ukaanguka sakafuni ukilia kwa wepesi.

Fundi alitaka kuinama. Baruti alimzuia kwa jicho, akauokota mwenyewe, ikamchukua muda. Kisha alimkabidhi.

"Nivunjie."

"Kaka."

"Mimi siwezi. Unaona kwamba siwezi. Vunja wewe."

Fundi aliuweka kwenye goti, akaukunja mpaka ukatoa mlio mkavu wa mfupa, na nyuzi nyeusi za kaboni zikachomoza pale ulipovunjika. Baruti akampa uliofuata. Ule ulikuwa mgumu zaidi, na ulipokatika uzi mmoja ulimwingia Fundi kwenye kiganja, chini ya kidole gumba, mahali pale pale. Damu ilitoka papo hapo. Hakusimama. Baruti akampa wa tatu, akauvunja pia, damu ikipaka alama na vanishi yake.

Ukabaki wa kwanza. Fundi aliunyooshea mkono.

"Huo uache," alisema Baruti. "Huo haukunidanganya."

Aliuchukua kwa mkono wa kulia, akauegemeza ukutani mahali pa wazi, penye mwanga wa mlango, ambapo kila anayeingia angeuona. Ndipo alipokikalia kile kiti. Fundi alibaki amesimama, mkono mbele, damu ikidondoka juu ya vumbi la msasa. Alitazama huku na huku kama mtu aliyesahau karakana yake imepangwaje.

Baruti aliutazama mkono ule. Kisha kwa kidevu alionyesha mezani, kwenye gurudumu la utepe mweusi.

"Funika," alisema. "Kufunika unajua."

Fundi alichana kipande kwa meno, akajifunga. Baruti hakuondoka. Walikaa hivyo, mvua ikipiga bati, mpaka utepe ukaacha kulowa.